Dudumizi wa Redioni

Ukitaka kumjua Tarumbeta usimtazame, msikilize. Kwa umbo alikuwa mwanamke mfupi tu, wa kupishana naye sokoni usigeuze shingo. Lakini akifungua kinywa, weee! Sauti ilimtoka nene, iliyoshiba, sauti ya mtu asiyejua kubabaika. Jina hilo la Tarumbeta alipewa na wasikilizaji, naye akalipokea kwa mikono miwili, maana alijua fika kwamba redio ile ndogo ya mji ule ilikuwa ni yeye, wengine walikuwa wasindikizaji. Si mimi ninayesema. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, tena mbele ya bosi wake.

Kipindi chake kiliitwa Dirisha Wazi, na kilianza saa kumi na mbili asubuhi. Hakikufunguliwa kwa muziki kama vya wengine. Kilifunguliwa na ndege. Kituo kilikuwa mwisho wa mji, kimeipa mgongo mbuga ya nyasi ndefu, na siku za mwanzo mafundi walivuta waya kupitia dirishani wakafunga maiki kwenye nguzo huko nyasini. Basi saa ikifika, Tarumbeta alinyamaza, na watu wote waliofikiwa na mnara ule wakamsikia dudumizi: du-du-du-du-du, sauti ya kuteremka, kama maji yanayomiminwa kutoka chupa ya shingo nyembamba. Akimaliza, Tarumbeta anadaka: "Ndege kaamka, binadamu je?" Hapo ndipo watu walipotupa shuka.

Sasa lazima nikueleze jambo moja, maana bila hilo hadithi hii haina miguu. Wakulima wa upande ule wamelelewa wakijua kwamba dudumizi akilia mara moja akanyamaza, anasalimu tu. Lakini akilia mfululizo, akamaliza akaanza tena, leo hivyo na kesho hivyo, basi mvua iko mlangoni na mwenye mbegu azitie ardhini. Kama ni ndege anayeijua mvua au ni watu wanaomsingizia, mimi simo, waulize wenye elimu yao. Ninachojua ni kwamba mama yake Tarumbeta alipanda hivyo tangu ujana wake, na watoto wake aliwalea kwa mavuno hayo.

Wiki ninayoisimulia, dudumizi alilia mfululizo. Jumatatu alilia, Jumanne akalia zaidi. Tarumbeta akiwa na hedfoni zake masikioni alitabasamu peke yake kama aliyepewa habari ya mchumba. "Mmesikia wenyewe!" alipaza. "Mwenye jembe alinoe, mwenye mbegu azitoe uvunguni. Tarumbeta simo, ndege wangu ndiye kasema!"

Jioni yake mama akampigia simu.

"Mwanangu, umemsikia?"

"Nisimsikie vipi, mama, na yuko dirishani kwangu?"

"Basi tumekubaliana huku. Jumamosi tunapanda, wote, mpaka kwa akina shangazi yako kule juu."

Mama alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilikuwa na sababu. Mavuno yaliyopita yalikuwa ya kubahatisha. Mbegu zilizobaki zilitosha ndoo moja, na ndoo hiyo mama alikuwa akiilaza chini ya kitanda chake mwenyewe, hamwamini mtu wala panya. Hakukuwa na ndoo nyingine. Zikitiwa vumbini na mvua isije, zingeliwa na mchwa na kuungua na jua, na mwaka ungekuwa umekwisha kabla haujaanza.

Alhamisi, baada ya kipindi, fundi rangi aliyekuwa akipaka kuta za kituo alichungulia studio akamwomba Tarumbeta amwondolee ule waya uliopita dirishani, apate kupaka fremu. Tarumbeta hakuwa mtu wa kusubiri kuitiwa mwingine. Aliushika waya akauvuta ili aulegeze kidogo tu. Ukaja. Akavuta tena, ukaja tena, mwepesi, hauna mzigo, mpaka ncha yake ikaruka dirishani ikaanguka miguuni pake. Ilikuwa imekatwa. Shaba yake ilikuwa imeota kutu ya kijani.

"Ala!" alisema. "Mbona asubuhi hii amelia?"

Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na makasha ya vifaa vibovu, kwa hiyo alizunguka nje. Na hapo niseme ukweli hata kama unamuuma: hakuwa amefika nyuma ya kituo chake kwa muda mrefu sana. Aliingia mbele, akatoka mbele. Hata dirisha la studio lilifunikwa pazia zito la kuzuia kelele, kwa hiyo mbuga aliijua kwa masikio.

Hakuikuta mbuga. Alikuta shamba la alizeti lililovunwa, mabua makavu yamesimama kwa mistari mpaka macho yanapokoma, na matuta yalikuja kusimama unyayo mmoja tu kutoka ukutani. Hakukuwa na kichaka wala shina moja la nyasi la kumficha hata panzi. Juu ya matuta kunguru walitembea wamejifumbata mbawa kama wenye mali. Mbele yao kundi la ndege wadogo wala nafaka lilinyanyuka likatua, likanyanyuka likatua, wengi kama makapi. Wale kanga waliokuwa wakikatiza kwa makelele na vifaranga wao hawakuwepo. Kware hawakuwepo. Nguzo ililala chini, na pembeni yake kulikuwa na chupa tupu za dawa ya magugu.

Habari za mbuga kukodishwa alizijua, tena alizitangaza yeye. Alikumbuka hata maneno yake, maana alipenda maneno yake: "Ardhi iliyolala bure sasa imeamshwa!" Alishangilia hewani, na kila asubuhi baada ya hapo aliendelea kuwasikilizisha watu ndege wa ardhi ile. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imemzungusha miaka. Moyo ulimdunda kwa hasira, na kwa sababu hakujua amkasirikie nani, alirudi ndani kumtafuta fundi mitambo.

Fundi mitambo aliitwa Plagi, kijana mwema, mzaliwa wa mjini, ambaye hajawahi kushika jembe ila kulihamisha njiani. Alikuwa amekaa kwenye meza yake akilamba asali ya mkate kidoleni.

"Plagi, mdogo wangu. Dudumizi analilia wapi?"

Plagi alitazama ule waya mkononi mwake, akaacha kulamba.

"Dada, mbona unaniuliza kama polisi? Analilia kwenye kompyuta. Trekta lilikata waya zamani. Nilimwambia bosi, akasema tumia uliyo nayo, hewa isikae kimya. Nikatumia niliyo nayo."

"Zamani lini?"

"Alizeti ya kwanza... au ya pili? Nilidhani unajua! Hivi dada, wewe uko ndani ya hicho kipindi kila siku."

Hilo lilimchoma, lakini alilimeza.

"Na huu mfululizo wa wiki hii?"

Uso wa Plagi ukachangamka. "Ah, huo! Ile rekodi fupi iliharibika, nikachimba nikapata ndefu. Tamu, au siyo? Nikaona nisiwabanie watu."

Tarumbeta alikaa chini, juu ya kiti kilichokuwa na hedfoni, akazikalia. Alimweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto kuhusu moto, nini maana ya dudumizi kulia mfululizo, na watu wangapi watafukia nini Jumamosi. Plagi alisikiliza mpaka mdomo ukabaki wazi. "Dada, wallahi sikujua," alisema, na machozi yalimlengalenga. Alikuwa anasema kweli.

Bosi hakulengwa na chochote. Alikuwa mtu wa miwani na hesabu za haraka, na alisikia habari yote akiwa amesimama.

"Sasa utatangaza nini, dada yangu? Kwamba ndege ni bandia? Kesho watasema habari ni bandia, keshokutwa hata saa tunayowatajia ni bandia. Umekiua kipindi, umeniua na mimi. Fanya hivi: waambie wataalamu wa hali ya hewa wanashauri wasubiri. Mbegu zimepona, Dirisha Wazi limepona. Wewe si mjuzi wa maneno?"

Na Tarumbeta, nisimfiche, alitamani. Aliona njia nzuri, pana, isiyo na miiba. Akatoka uani akampigia mama yake ili aijaribu.

"Mama, msipande Jumamosi. Wataalamu wanasema mvua bado."

Mama alicheka. "Wataalamu gani hao, mwanangu? Dudumizi amelia, nimemsikia kwa masikio yangu haya."

"Umemsikia wapi, mama?"

"Kwako! Ningemsikia wapi kwingine?"

Tarumbeta alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tarumbeta halikulia. Alielewa kwamba hata angewaleta wataalamu mia, yule ndege wake angewashinda wote, maana yeye mwenyewe alimpa kiti cha juu. Ndege huyo hangeshushwa na uongo mwingine mdogo uliopakwa mafuta. Alimuaga mama bila kumweleza, kwa sababu walioamua kupanda hawakuwa mama peke yake. Kilichosemwa mbele ya wote kilifaa kufutwa mbele ya wote.

Ijumaa alfajiri alifika na maiki mpya chini ya kwapa. Aliipitisha dirishani mpaka nje yeye mwenyewe, akaifunga kwenye kitasa kwa kamba ya viatu.

"Rekodi usiiguse," alimwambia Plagi.

"Bosi je?"

"Bosi mwachie mimi. Nina kifua."

Saa kumi na mbili ikafika, na Dirisha Wazi likafunguka kwelikweli. Hewani ulisikika upepo ukisugua mabua makavu. Kunguru mmoja alikohoa. Basi, hakuna zaidi. Plagi aliuma kucha. Taa za simu zikaanza kuwaka, na msikilizaji wa kwanza, muuza duka mmoja aliyekuwa akipiga kila wiki, aliuliza kwa upole, "Tarumbeta, leo mmechelewa kumfungulia yule ndege?"

"Hatukuchelewa," alisema Tarumbeta, na sauti ilikuwa ileile, nene, haikutetemeka. "Hayupo. Nyasi zake zimelimwa mpaka ukutani kwetu, na zikapigwa dawa, naye akaondoka au akafa, sijui. Mliyekuwa mkimsikia ni rekodi. Mimi nilikuwa sijui, lakini kutojua si sifa, dirisha ni langu. Na mlio wa wiki hii, ule wa mfululizo, ni rekodi ya zamani iliyowekwa kwa bahati mbaya. Haukusema lolote kuhusu mvua ya mwaka huu. Wakulima, nawaomba, msipande kwa sababu yangu."

Jamani, simu! Mmoja alisema anatania. Mwingine alimwita mtu mzima ovyo. Wa tatu alisema kumbe hata sauti yako yenyewe huenda ni ya kompyuta, na Tarumbeta akamjibu kwamba kompyuta yenye sauti hii bado haijazaliwa, kisha akamwomba radhi vilevile. Bosi alifika akikimbia, shati limefungwa vifungo vya upande upande, akasimama nje ya kioo akifanya ishara ya kukata shingo. Tarumbeta alimtikisia kichwa: hapana, bosi.

Kisha ikaingia namba anayoijua.

"Mtangazaji," ilisema sauti ya mama yake. Kamwe hakuwahi kumwita hivyo. "Mimi ni msikilizaji wako. Mbegu zangu bado ziko kwenye ndoo."

"Asante, mama." Hapo ndipo sauti ilipotetemeka.

"Usinishukuru, nina swali. Huyo ndege hayupo miaka, unasema. Kwako hayupo. Na huku kwangu je? Nimekaa hapa kitandani najiuliza, mara ya mwisho nilimsikia lini nje, kwenye uwanja wangu, si kwenye redio? Sikumbuki. Nyasi za bondeni tuliziuza kwa wenye trekta, za kilimani tukazichoma tupate shamba, na hakuna aliyeona pengo, kwa sababu kila kukicha alikuwa analia kwenye redio juu ya kabati. Mtangazaji, zima hiyo redio yako. Nataka nitoke nje."

Tarumbeta alimtazama Plagi, Plagi akamtazama bosi, bosi akawa anatikisa kichwa mpaka miwani ikacheza.

"Mmemsikia mama," alisema Tarumbeta. "Zimeni redio zenu, nyote. Tokeni nje mkasikilize kwenye viwanja vyenu wenyewe. Mkirudi mnipigie mnieleze mlichosikia. Mama, wewe usikate simu, toka nayo." Akashusha kitufe, na kituo kikaacha kutoa sauti yoyote.

Bosi aliingia. "Umefukuza wasikilizaji! Kwa mdomo wako! Redio gani duniani inafukuza wasikilizaji?"

"Watarudi," alisema Tarumbeta. "Na wasiporudi, nitajua nilikuwa nani kwao. Keti, bosi, unatuzibia hewa."

Bosi akaketi.

Walirudi. Tarumbeta alikirudisha kituo hewani, na simu ziliwaka zote pamoja kama siku ya matokeo ya mtihani. Kwangu jogoo tu. Kwangu kunguru na jenereta. Kwangu hawa wadogo wanaomaliza mtama, tena wameongezeka, zamani si kulikuwa na mwewe wa kuwatisha? Alikuwa akikaa kwenye ule mgunga, tukaukata. Kwangu kanga, wawili, nilisahau kama wapo. Kwangu hakuna kitu. Kwangu hakuna kitu. Tarumbeta aliwapokea mmoja mmoja, wala hakuweka neno lake juu ya maneno yao. Mama, kwenye laini ya pili, alikuwa akipumua tu, naye alishasema lake: hakuna.

Halafu akapiga mwanamume mmoja, na nyuma yake kulikuwa na mngurumo mkubwa.

"Mimi niko ng'ambo ya mto, mwisho kabisa. Naona kama nimemsikia, huku chini kwenye nyasi za ukingoni. Lakini sina hakika, trekta liko hapa. Leo ndiyo tunasafisha hizo nyasi."

Kabla Tarumbeta hajasema, mama akaingia.

"Baba, samahani. Mwambie dereva azime."

"Mama, huyu ana mashamba mengine ya kwenda."

"Azime kidogo tu, baba. Mtu hakatwi kauli akisalimu."

Ilisikika sauti ya kuitana, upepo ukipiga kwenye simu, kisha mngurumo ukakohoa, ukakohoa tena, ukafa. Tarumbeta alipandisha kitufe cha simu mpaka mwisho. Muda ulipita, na bosi, ambaye kimya kilimtia homa, alianza kunyanyua mkono. Tarumbeta aliushika mkono ule akaukalisha juu ya meza.

Du-du-du-du-du.

Ilikuwa hafifu, iko mbali, ina mikwaruzo, si safi kama ya kompyuta. Iliteremka ikafika chini ikakoma. Plagi aligeuka akatazama ukutani, mabega yakimtikisika. Wote waliendelea kusubiri. Haikurudiwa.

"Mara moja," alisema mama. "Anasalimu tu. Mvua bado, jamani. Jumamosi hatupandi. Mbegu zirudi uvunguni." Na Tarumbeta, mwenye maneno ya kuuza, alilia waziwazi mbele ya maiki iliyo hewani, wala hakuona haya.

Kule ng'ambo ya mto simu ilikuwa ikigombaniwa. Ikatoka sauti ngeni, ya kijana.

"Halo? Mimi ndiye dereva wa trekta. Samahani, naomba kuuliza. Kumbe ni ndege?"

"Nini ni ndege?" aliuliza Tarumbeta.

"Huo mlio. Nimelima nyuma ya kituo chenu, nimelima bondeni kwa mama huyo, nimelima huku kote. Kila asubuhi nausikia redioni nikiwasha mashine. Mimi nilidhani ni mlio wa kufungulia kipindi."

Hakuna aliyecheka. Kisha dereva akasikika akimwuliza mwenye shamba, mbali kidogo na simu, "Sasa mzee, nianzie wapi?"

"Geuza," alisema mwenye shamba. "Anzia kule juu, uishie kwenye jiwe lile, hapo nyasi zinapoanza."

"Na hapa chini?"

"Hapa chini pana mwenyewe."